Chakula cha Getini

Watu wakiniuliza biashara ina kanuni gani, nawaambia wakamuulize shemeji yangu. Yeye ndiye aliyezisomea. Mimi niliishia darasa la tano, na kile kidogo nilichokuwa nacho alikimaliza yeye.

Miaka ya tisini nilikaa mtaa wa Umoja, kwenye chumba kilichoongezwa nyuma ya nyumba ya mtu, nikipika muthokoi nje ya geti la kiwanda kimoja Industrial Area. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na maharagwe. Kwetu Ukambani ndicho chakula. Kabla ya hapo, mume wangu alipokufa, nilisimama kwenye geti hilohilo kama kibarua mpaka miguu ikafura. Siku niliyopata sufuria yangu niliapa sitasimama pale tena kungoja kidole cha mtu.

Maana kazi ilitolewa kwa kidole. Vibarua walijaa nje tangu alfajiri. Nyapara alitoka wakati wowote, lori likifika au mtu wa mashine akikosa kuja, akaonyesha: wewe, wewe, na wewe wa kofia. Aliyezunguka kona kukojoa, siku yake imeenda. Kwa hivyo watu walikula wima, sahani mkononi, macho kwa geti. Kidole kikimwangukia mtu katikati ya kula, aliniachia sahani akakimbia. Niliifunika kwa sahani nyingine, nikaiweka kando ya jiko, na saa ya chakula aliikuta vuguvugu. Sikuwahi kumpa mtu sahani ya mwenzake. Wako wanawake waliopika vizuri kunishinda, wengine walitia hata nyama, lakini watu walikuja kwangu.

Na mdomo walikuwa nao.

"Mathe, leo umetia mafuta ama umeonyesha sufuria chupa tu?"

"Nimetia. Wewe ndiye hujatia kitu mfukoni."

Wanacheka, wanatafuna, macho hayatoki getini.

Shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa karani mjini, mzee wa kanisa, anakaa Donholm. Ofisi yake ilikuwa imempeleka semina ya biashara. Jumapili moja alikuja na mkewe, wakala wakashiba, akafuta mdomo.

"Shemeji, kanuni ya kwanza ni kukua. Mteja ni mfalme. Mfalme gani analishwa amesimama kama punda?"

"Hawajalalamika."

"Hapo ndipo unapokosea. Fukara hajui anachotaka mpaka umwonyeshe."

Mkewe yeye aliuliza tu ninazitambuaje sahani za watu. Nikamweleza yote, nani ataweka siri kwa mtu wa nyumbani?

Shemeji akanitafutia chumba kwenye safu ya maduka, ukishazunguka kona. Meza, viti, pazia, jina ukutani kwa rangi nyekundu. Akiba yangu na mkopo wa chama chetu cha akina mama cha kuwekeana akiba vikaingia humo. Waumini wa kanisa lake walikuja kufungua kwa maombi. Waliimba, wakapiga makofi, wakala bure, hawakurudi. Na hao pia ninawalaumu, maana hakuna hata mmoja aliyeuliza wateja wangu ni watu gani.

Kesho yake nilikaa na meza zangu na nzi. Siku zikapita hivyo. Halafu akaja mmoja wa vibarua wa zamani, akasimama mlangoni kama mtu aliyefika benki.

"Mathe, umehamia Ulaya."

"Ingia ukae, baba. Bei ni ileile."

"Kukaa nitakaa. Lakini ukiwa hapa, geti unaliona?"

Nikachungulia. Nikaona ukuta.

"Sasa mimi nikikaa hapa nishibe, nyumbani watalala njaa."

Ndipo nilipojua nilikuwa nikiuza nini miaka yote ile. Sikuwa nauza muthokoi. Mtu alinilipa ili ale bila kukikosa kidole cha nyapara.

Nilibeba sufuria nikarudi mbio. Mahali pangu palikuwa na moshi tayari. Mke wa shemeji ameketi juu ya mawe niliyokuwa nikikalia, jiko jipya, na kando ya jiko sahani zimefunikana.

"Dada, mahali wazi ni mahali wazi," alisema bila kuinua uso. "Uliondoka mwenyewe."

Nikamgeukia nyapara, niliyemlisha miaka bila kumdai. Alitazama viatu vyake. "Mama, hapa ni jiko moja tu. Wakubwa hawataki soko."

Nikaenda Donholm kwa miguu. Shemeji hakunikaribisha kiti.

"Hiyo inaitwa ushindani, Shemeji. Nayo ni kanuni."

Kodi iliponishinda, mwenye chumba alichukua meza, viti, hata pazia. Wenzangu wa chama wakaacha kunisalimia, na wana haki. Nikarudi getini, ila upande ule mwingine, pamoja na vibarua. Walinisogezea nafasi. Yule wa mafuta na chupa aliniita mama, si mathe, na hilo liliniuma kuliko utani wowote.

Asubuhi moja njaa ilinishinda. Nikanunua sahani kwa mke wa shemeji. Sijafika nusu, nyapara akatoka. Wewe, wewe, na wewe mama wa leso. Niliweka sahani chini nikakimbia na wengine.

Saa ya chakula nilipotoka, nilitamani nikute mke wa shemeji ameimwaga, au amempa mtu mwingine, nipate la kumwambia mbele ya watu. Alinyoosha mkono akanipa bila kuniuliza ni ipi. Ilikuwa imefunikwa kwa sahani nyingine, bado vuguvugu.

Nilisimama nikaimaliza.