Siku Asheri Alipoibiwa

Mwizi akiibiwa, mji mzima hufurahi. Ndivyo tulivyo wanadamu, na watu wa Makorora mwaka 1954 hawakuwa malaika.

Asheri alikuwa Msambaa, mwana wa mkata mkonge, na ujanani mwake alikuwa mwizi. Wala si mwizi wa kusifiwa. Kazi yake ilikuwa kutoboa kuta za udongo na kubeba kitakachoangukia mkononi, na alipokamatwa mara ya tatu alifungwa miaka minne. Gerezani wakampanga karakana, akajifunza kutengeneza makufuli na kuchonga funguo. Alipotoka alitafuta vifaa kimoja kimoja: tupa tano, jiriwa ndogo ya kubania chuma, koleo, bisibisi na funguo za mfano zilizotungwa kwenye waya. Akavitia vyote katika sanduku la mbao aliloligongomea mwenyewe, akaomba baraza mbele ya duka la Zainuddin Pirbhai, muuza vitasa na misumari. Watu walimcheka Zainuddin kwamba kamweka fisi mlangoni pa zizi. Zainuddin alijua alifanyalo, maana mteja akinunua kufuli, fundi yupo hapo hapo.

Praxeda, mke wa Asheri, alikuwa amerudi kwao Amani wakati wa kile kifungo. Alikubali kushuka tena Tanga kwa sharti moja, kwamba mumewe ale kwa sanduku lile na si kwa kitu kingine. Wakaishi vizuri mwaka wa kwanza na wa pili.

Jumapili moja wakatoka kanisani wakakuta dirisha limebanduliwa na sanduku halipo. Praxeda alilitazama dirisha, kisha akamtazama mumewe. Hakulia.

"Likipatikana, tutakaa," alisema. "Lisipopatikana, mie narudi Amani kabla hujaanza kuyaangalia madirisha ya watu."

Asheri akaenda polisi mbio. Mezani alikuwapo Sajini Zebedayo, aliyekwisha kumtia pingu mara mbili, naye bila kuinua kichwa akamwuliza leo amefanya nini.

"Nimeibiwa, afande."

Sajini akamwambia arudie. Akarudia. Sajini akawaita askari waliokuwa uani waje wasikie kwa masikio yao, na Asheri akatakiwa kulisema neno lile mara ya tatu. Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Walipokwisha kufuta machozi, Sajini alikifunga kitabu chake, akaeleza kwa upole kabisa kwamba kile kilikuwa kitabu cha watu waliodhulumiwa, si cha wezi wanaopokonyana.

Mjini nako mambo yalikuwa yale yale. Huyu akasema mwosha huoshwa, yule akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, na methali zilizokuwa zimelala miaka mingi zikaamshwa siku hiyo kwa ajili ya Asheri. Waliochongewa funguo naye walimjia mmoja mmoja, akadhani wanakuja kumfariji, kumbe walitaka kujua kama funguo zao zilikuwamo katika ule waya. Kufikia Jumanne Zainuddin hakuwa na kufuli hata moja dukani. Mzee wa kanisa, Methusela, alimkumbusha kwamba Mungu hasahau, akalisema hilo kwa uso wa mtu aliyeshiba.

Siku ya Alhamisi sanduku likaonekana. Askari wa Horohoro, kule mpakani, walikuwa wakikagua basi la Mombasa, abiria mmoja akaruka dirishani akatokomea porini, akaliacha sanduku chini ya kiti. Wakaulizana ni la nani. Abiria wa Tanga walipowaambia ni la Asheri, hakuna aliyejisumbua kumfukuza mtu yule, na sanduku likarudishwa Tanga kwa basi la jioni.

Asheri alipofika kituoni asubuhi ya Ijumaa, Sajini alikuwa amevitandaza vifaa mezani. Alimwambia kwamba macho yake yeye yanaona zana za kuvunjia nyumba, na kesho zitatupwa baharini. Kama kuna mtu anayemjua Asheri na anaona vingine, aje aseme na kutia sahihi. Akisema uongo watalala ndani wote wawili.

Asheri akaenda kwa Zainuddin. Zainuddin alimsifu sana, fundi hodari, mkono safi, lakini sauti ya mkewe Sakinabai ikatoka nyuma ya pazia ikisema kwamba jina la duka haliandikwi katika vitabu vya polisi, na sifa zikaishia hapo. Methusela aliahidi kuliombea jambo hilo hadi Jumatatu.

Alipotoka huko kichwa kilikuwa kimemvurugika, akapita njia asiyoipita tangu atoke gerezani, akajikuta mbele ya Bi Mwatumu. Huyu zamani alikuwa mshonaji, na nguo za harusi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Asheri ndiye aliyemwibia cherehani yake akaiuza Pangani, isipatikane tena. Tangu hapo Bi Mwatumu alichoma vitumbua.

"Shikamoo, bibi," alisema Asheri huku akiangalia chini.

Bi Mwatumu alikuwa amekwisha kuzisikia habari za sanduku. Badala ya marahaba aliuliza kama Sajini yupo kituoni, akaepua kikaango, akavaa buibui lake, akatangulia.

"Ntu huyu aliniibia mie," alimwambia Sajini. "Unaikumbuka kesi?"

Sajini akasema anaikumbuka.

"Basi alitoboa ukuta kwa mti, akaingia kwa tumbo kama kenge. Mlango wangu ulikuwa na komeo tu, hata kisu cha mboga kingelifungua, naye hakuweza. Ntu wa tupa na funguo hatoboi ukuta. Ufundi huu kaujulia jela, kwenu. Mmemfundisha wenyewe, kisha vyombo vyake mwavitupa baharini?"

Askari mmoja akacheka, safari hii si kwa kumcheka Asheri. Sajini alitaka kujua kwa nini anamtetea aliyemliza mwaka ule katika chumba kile kile.

"Simtetei. Uongo siupendi, hata ukiwa juu ya mwizi."

Akatia dole gumba. Sajini naye akaandika kitabuni kwamba sanduku ni mali iliyookotwa, imerudishwa kwa mwenyewe. Neno wizi hakuliandika.

Nje Asheri akataka kupiga magoti, sanduku kifuani. Bi Mwatumu akamzuia kwa mkono.

"Usinishukuru. Wewe umekaa siku tano bila vyombo vyako, ukauzunguka mji mzima. Mie cherehani yangu mwaka wa sita huu."

Asheri aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya kizimbani inayokwisha hukumu ikisomwa. Alitambua kwamba tangu siku ile hajamwambia mama huyu hata neno ambalo mtu huambiwa akijikwaa njiani.

"Pole, bibi," alisema.

Bi Mwatumu alijifunika buibui vizuri.

"Sijapoa," alijibu, akashika njia ya kurudi kwenye vitumbua vyake.