Siku Tuliyompima Sikio

Redioni kwetu hakuna wimbo uliokwenda hewani kabla Sikio hajausikiliza. Jina hilo tulimpa sisi, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye kichumba chenye zulia ukutani, hedifoni kichwani, macho kayafumba, akipitisha huu na kuukataa ule. Kazi alinifundisha yeye, na sikumpenda. Mtu anayekwambia mbele ya watangazaji kwamba masikio yako ni ya kutundikia miwani tu, utampendaje?

Balaa lilianza nilipobadilisha programu ya kuchezea muziki. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, ikiganda katikati ya wimbo. Sikio aliisikiliza mpya kwa nusu dakika, akavua hedifoni.

"Umeniletea takataka gani? Muziki umekufa! Matoazi yako wapi?"

"Faili ni lile lile, mzee. Programu inalisoma tu na kulipeleka kwenye spika. Haiongezi kitu."

"Hata mchele ni ule ule, mwanangu, lakini wewe ukipika tunakula uji."

Watangazaji wakaangua kicheko. Nilirudi mezani nimefura, nikafungua mipangilio ya ile programu yake ya zamani. Kumbe sauti imesukumwa juu, na zile sauti nyembamba, za matoazi na filimbi, zimepandishwa hadi mwisho. Alizipandisha mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila kujua kwamba kinachopungua ni masikio yake. Ningeweza kumwita pembeni nikamweleza. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

Mkuu ni mama asiye na maneno mengi. Aliamua Sikio apimwe mbele ya wote. Akizitofautisha programu hizo mbili, ya zamani itarudi. Akishindwa, kichumba kile atakihama. Sikio alikubali papo hapo, na asubuhi ya siku yenyewe alikuja amevaa koti.

Niliondoa nyongeza zake zote, nikasawazisha sauti ya programu zote mbili, nikaigeuza skrini asiione. Watangazaji walijazana mlangoni. Wimbo aliuchagua yeye, ule anaoujua nje ndani, nikaupiga kwa spika sote tuusikie. Mara kumi nilimchezea, mara kumi akataja programu kwa kujiamini, na alipatia mara nne. Hata paka angepatia zaidi.

"Mnanivuruga na hiyo miguu yenu inayokwaruza sakafu," alisema, jasho likimtoka. "Rudia mara moja tu."

Nilirudia. Ila safari hii, wimbo ulipokolea, nilianza kuushusha sauti polepole, hadi sifuri. Watangazaji walibana vicheko, lakini Sikio hakusita. Aliendelea kutikisa kichwa, macho kafumba, kidole kikigonga goti, na kwa dakika nzima hakukosea pigo hata moja. Wimbo wote alikuwa nao kichwani. Niliona raha, siwezi kudanganya. Raha tupu.

"Hii!" alisema akifumbua macho. "Hii ndiyo programu yangu. Mnasikia matoazi hayo?"

Niliigeuza skrini akaiona ile sifuri. Mtangazaji mmoja akapasuka kwa kicheko, na baada yake wote. Mkuu peke yake hakucheka. Alimwambia akusanye vitu vyake kabla ya chakula cha mchana.

Siku hizi yuko mapokezi, anaandika wageni. Mimi ndimi mwenye kichumba. Watangazaji wakipita humsalimia kwa kuchezesha midomo bila kutoa sauti, naye humwitikia kila mmoja kwa bashasha, maana hana tena hakika nani katamka na nani hakutamka. Mchezo huo niliuanzisha mimi, na ulitufurahisha muda mrefu.

Wiki iliyopita nilipita mapokezi nikiwa na wageni wawili. Nikasimama mbele yake, nikachezesha midomo: shikamoo, mwalimu. Wageni wakaanza kucheka chini chini. Sikio hakuitikia. Aliweka kalamu juu ya daftari, akanitazama usoni, hana haraka.

"Hiyo nimeisikia, mwanangu," alisema. "Na zile zote za nyuma nilizisikia."