Visu Vilivyong'ang'ania Sumaku

Mama Mng'aro alipata jina lake kiwandani. Miaka kumi na mmoja alisugua vijiko kwenye gurudumu la kung'arishia, akijitazama kwenye kila kimoja: upande huu pua kubwa kama jagi, upande ule kichwa chini miguu juu. Alipoacha kazi alifungua duka la vijiko, uma na visu, na akamfundisha kila mteja mbinu moja.

"Pitisha sumaku. Kijiko kikinata, mrudishie mwenyewe. Stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ikiwa na nikeli ya kutosha hainati."

Mbinu ikaenea mjini kama harufu ya kitunguu, ikamfikia hata meneja wa hoteli mpya ya viti mia tatu, aliyekuwa akitafuta muuzaji mmoja wa kumpa kazi yote. Asubuhi moja akawaita wawili jikoni kwake: Mama Mng'aro, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Huyu mji mzima humwita Punguzo. Mama Mng'aro aliitaka kazi ile kufa na kupona. Watu mia tatu wakishakula kwa uma zako, nani atauliza tena duka lako liko wapi?

"Shemeji, umekuja kunisindikiza?" Punguzo alimchokoza mlangoni.

"Nimekuja kukuonea huruma. Shika vizuri boksi lako, lisije likakukimbia."

Meneja akatoa sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye vijiko vya Mama Mng'aro, ikateleza. Kwenye uma, ikateleza. Mama alishaanza kuchagua kichwani rangi mpya ya duka. Kikaja kisu. Ta! Sumaku ikadaka. Cha pili, ta! Meneja akakiinua juu, sumaku imening'inia kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Mama, si wewe mwenyewe uliyetutangazia?"

"Ni mimi," alisema.

Visu vya Punguzo sumaku haikuvitaka kabisa. Punguzo akapiga makofi, akacheza hatua mbili katikati ya masufuria. "Nimezunguka maduka saba kuvitafuta! Havinati hata ukivibembeleza!"

Maduka saba! Mama Mng'aro akashikwa na kicheko, kile cha kuegemea meza na kufuta machozi kwa upindo wa nguo.

"Jamani shemeji, umewatafutia watu vijiko bapa! Mpishi, baba, nipe sahani na nyanya mbili."

Mpishi mkuu, aliyekuwa ameacha chungu kiungue ili asipitwe, akaleta mbio.

"Kijiko hukatwa kwenye bati, kikabanwa kwenye mashine mpaka kikatoa tumbo, kikasuguliwa, kwisha," Mama alisema huku akisugua makali ya visu viwili kwenye sahani, chake na cha Punguzo, mara ishirini ishirini, kama walaji wanavyofanya. "Kisu lazima kipite motoni kisha kipozwe ghafla, ndiyo kiwe kigumu. Na chuma kinachokubali kazi hiyo ndicho sumaku inachokipenda. Niliwafundisha vijiko, visu nikavisahau. Hilo kosa langu. Meneja, kata."

Kisu chake kilipita, nyanya yenyewe haikujua. Cha Punguzo kikakandamiza. Nyanya ikabonyea, ikavimba ubavuni. Meneja akaongeza nguvu. Pwaa! Mbegu zote kwenye tai yake.

Mpishi akakaa chini sakafuni kwa kicheko. Meneja akakunja uso wa kimeneja, ukamshinda, akacheka mpaka akakohoa.

"Kazi ni yako, Mama."

"Yote?"

"Vijiko, uma, visu."

"Iandike sasa hivi, kabla hujaenda kubadili tai."

Akaiandika palepale juu ya meza ya kukatia mboga. Punguzo alikuwa bado anageuzageuza kile kisu kilichokata.

"Shemeji," alinong'ona, "hivi vya kwako, bei ya jumla unaniuziaje?"

"Kwako? Rejareja. Ila wewe ndugu, nitakufungia vizuri."