Saratani ilimlaza kinyozi, mkewe akashika mashine

Mvua haijakatika tangu jana, na ndani ya kibanda cha mbao kando ya barabara ya Lufingo, wilayani Rungwe, mwanamume wa makamo amekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Amefumba macho na kushika mikono ya kiti kwa nguvu. Ananyolewa nywele.

Nyuma yake amesimama Tulinagwe Mwaisumo (49), kitenge kiunoni, mashine ya kunyolea mkononi. Hatua chache kutoka hapo, kwenye benchi la wateja lililotandikwa godoro, amelala mumewe, Lugano, chini ya mablanketi mawili. Ndiye mwenye saluni. Ndiye pia msimamizi, na kazi hiyo anaifanya kwa mdomo.

"Pita tena juu ya sikio," anamwambia mkewe.

"Sikio lipi?"

"Lolote. Pande zote mbili hazifanani."

Mteja anafumbua jicho moja, anajitazama kwenye kioo, kisha analifumba tena.

Lugano (57) amenyoa vichwa vya Lufingo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mgongo ulipoanza kumuuma, alidhani ni kwa sababu ya kusimama. Alichuliwa kwa mafuta, akaombewa, akabadilisha viatu. Alipokuja kupimwa vizuri jijini Mbeya, alikutwa na saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mifupa.

"Daktari alituambia ukweli kwa upole," anasema Tulinagwe. "Alisema haiponi, ila inaweza kucheleweshwa, na maumivu yakatulizwa. Mimi nikamuuliza, kuichelewesha ni shilingi ngapi."

Zilikuwa nyingi. Familia haikuwa na bima ya afya. Aliuzwa ng'ombe pamoja na ndama wake, kisha shamba la migomba likakodishwa kwa jirani. Safari mbili za Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi zikamaliza kilichobaki.

"Ikawa tunanunua ndizi kwa jirani, kutoka kwenye migomba yetu wenyewe," anasema Lugano kutoka kwenye godoro. "Halafu anatupunja."

Kikabaki kibanda. Mwaka jana alikuja mtu kutoka Tukuyu mjini kununua vifaa vyote. Bei walikuwa wamekubaliana kwa simu, lakini alipofika alianza kukagua. Mashine ni ya zamani. Kiti kinalia. Kioo kina ufa. Kila alipoona kasoro, bei ilishuka.

"Alipofika kwenye kioo nikaona hela iliyobaki ni ya kununua sukari," anakumbuka Tulinagwe. "Nikamwambia, baba, asante kwa kuja, rudi salama. Mashine hii kesho naitumia mwenyewe."

Hakuwa amewahi kumnyoa mtu yeyote. Lugano, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa haongei ila kuomba maji, alicheka mpaka mkewe akamshika mgongo kwa hofu.

"Yule mnunuzi akaondoka amekasirika," anasema Tulinagwe. "Mimi nikajua kwamba hata nisipopata mteja, kile kicheko nimeshakipata."

Mafunzo yalianza kesho yake. Mwalimu alikuwa Lugano. Mwanafunzi alifanya mazoezi kwa kondoo wa jirani, ambaye tangu siku hiyo hapiti mbele ya kibanda.

Binadamu wa kwanza kukaa kwenye kiti alikuwa Isakwisa, mwinjilisti wa kanisa lao. Alikuja Jumamosi, kwa huruma, akijua kwamba kesho yake angehubiri kwenye ibada ya kipaimara mbele ya wageni. Tulinagwe akaanza upande wa kulia, polepole, ulimi nje. Alipofika katikati ya kichwa, radi ikapiga na umeme ukakatika.

Walingoja mpaka giza likaingia. Umeme haukurudi. Wembe na mkasi Tulinagwe hakuwa amefundishwa, na Lugano alipojaribu kuinuka ili amalizie, miguu ilimkatalia.

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Tulinagwe. "Mwinjilisti akaniambia, ndaga fijo, mama, yaani asante sana. Akalipa, akavaa kofia, akaondoka."

Asubuhi, umeme ukiwa bado haujarudi, Isakwisa alipanda madhabahuni na kuvua kofia, kwani hakuna anayehubiri amevaa kofia. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unang'aa. Mwingine ulikuwa na msitu.

"Nikawaambia, anayetaka kucheka acheke sasa, maana nina mahubiri marefu," anasimulia mwinjilisti huyo, ambaye bado ni mteja. "Wakacheka, hata watoto wa kipaimara. Walipomaliza nikawaambia, ndugu yetu Lugano ni mgonjwa, na sisi wote tuna nywele."

Umeme uliporudi Jumatatu, wanaume walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Kwa kuwa Tulinagwe alijua mtindo mmoja tu, wote waliondoka na kichwa cha namna moja. Wiki ile, mtu akienda sokoni Tukuyu, wauza viazi walimtambua kabla hajafungua mdomo: huyu katoka Lufingo.

Vijana wa bodaboda waliupa mtindo huo jina. Wanauita "Samahani", kwa sababu ndilo neno ambalo kila mteja aliambiwa kitambaa kilipotolewa shingoni.

Siku hizi amejifunza zaidi, na baadhi ya vijana humwomba awanyoe kiduku, nywele zikiachwa katikati tu. Kichwa kimoja ni shilingi elfu mbili, ingawa wapo wanaoleta maziwa au mkungu wa ndizi. Fedha hizo ndizo zinazonunua dawa na kulipa nauli ya kwenda hospitali ya Igogwe, ambako Lugano hupewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Si kila mwezi zinatosha. Shamba bado liko kwa jirani.

Na siku zote si za kicheko. Ziko asubuhi ambazo Lugano hawezi hata kugeuzwa.

"Siku hizo tunafunga mlango," anasema mkewe. "Analia, na mimi nalia. Wateja wanasubiri nje. Tukimaliza nafungua, nauliza, nani anafuata?"

Binti yao, Winfrida, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, ataolewa mwaka huu. Harusi ilipangwa Desemba. Baada ya kikao cha familia ikahamishiwa Agosti, na hakuna aliyeeleza sababu.

"Wanafikiri sijui kuhesabu miezi," anasema Lugano, akitabasamu. "Lakini nimefurahi. Desemba mvua ingewaharibia viatu."

Dawa kali alizopewa hospitalini ziliondoa nywele zake zote. Tangu zisimamishwe, nywele zimeanza kurudi, nyeupe na laini kama za mtoto mchanga. Hamruhusu mtu kuzigusa. Anazitunza kwa ajili ya harusi.

"Nataka nimpeleke binti yangu kanisani nikiwa nimenyolewa kama mtu," anasema. "Na ninataka anyoe huyu. Nimeshanyoa wanaume wote wa hapa. Mimi mwenyewe sijawahi kunyolewa na mtu ninayempenda."

Tulinagwe anageuka dirishani, anapuliza meno ya mashine ingawa ni safi. Kisha anasema mpaka Agosti atakuwa amejua kuchonga vizuri hata kisogoni, mahali panapomsumbua.

"Na ukikosea?" anauliza mumewe.

"Utakaa viti vya nyuma, hakuna atakayeona."

"Baba wa bibi harusi anakaa mbele."

"Basi kaa mbele," anasema Tulinagwe. "Wewe fika tu."