Nchi Ambayo Haikupigana

Shemeji yangu Tewa Leno aliuza mafuta ya mawese mjini Gueckedou kwa miaka arobaini, na kwa miaka mingi ya mwisho alikuwa na wimbo mmoja tu. Mteja akilalamikia bei, aliimbiwa. Fundi akichelewa, aliimbiwa. "Sisi hatukupigana." Waliberia walipigana, watu wa Sierra Leone wakapigana, wote wakakimbilia kwetu Guinea na vyungu vichwani, nasi tukawatandikia mikeka. Jirani akimkumbusha kwamba hata mji wetu uliwahi kuchomwa, alijibu kwamba ulichomwa na watu wa kuja. Mimi nilimsikiliza nikiwa kwenye cherehani yangu, kwenye baraza linalotazamana na lake, na sikuwahi kumbishia. Nilikuwa na sababu zangu za kunyamaza, nazo si za kujivunia.

Mwaka mmoja mwanawe Fara, fundi wa pikipiki, wa pekee aliyemsalia, akampenda Sia, binti anayeuza vitenge soko la Koindu, ng'ambo ya mto, upande wa Sierra Leone. Tewa alikuwa mjane. Magoti yalimsumbua, na nyumba yake ya vyumba vinne ilikuwa na watu wawili. Alichotaka ni kimoja: mkwe aje aishi chini ya paa lake na wajukuu wazaliwe humo. Kwetu Wakisi, uwe Guinea, Liberia au Sierra Leone, mke humfuata mume, basi hakuona pa kushindwa. Mimi, mdogo wa marehemu mumewe, nikafanywa mshenga.

Tulivuka mto Makona kwa mtumbwi Jumapili asubuhi, mimi, Tewa na Fara, na kokwa za kola za posa kwenye majani, kanzu ya baba mkwe niliyoishona mwenyewe, na jerikeni la mawese. Baba wa Sia, mwalimu Sahr Bundor, alitupokea uani. Alikuwepo pia mjomba wa Sia kutoka Foya, Liberia, jitu la miraba minne jina lake Tamba, ambaye akikupa mkono lazima mpigishane vidole kwanza, kama ilivyo desturi ya Liberia, ndipo akuachie.

"Karibuni, watu wa Guinea," alisema. "Mahari mmeileta kwa mfuko au kwa toroli? Maana kwa pesa zenu, mtu akinunua kuku anahitaji mpagazi."

"Zetu angalau zinasomeka," Tewa akamjibu kabla hajakaa. "Zenu hata hujui kama ni noti au tambara la jikoni."

"Muache, shemeji, wao wanalipana kwa dola," nikachomekea.

"Dola tunaziona kwa macho, mshenga," Tamba akanijibu. "Mwalimu wa kwetu analipwa kwa pesa za aina mbili, na zote hazifiki."

Mama yake Sia akacheka huku akipanga viti. "Mimi nawaonea wivu mkate tu. Mkate wa Guinea ni mrefu, unaweza kuchungia mbuzi."

"Ndio mliokula miaka kumi mkanenepa," Tewa akasema.

Wakacheka. Mwalimu Sahr akaingilia mazungumzo kwa upole. Alisema kwao siku hizi mama mjamzito hatozwi kitu zahanati, na barabara inatengenezwa. Tena, alisema, anawaona wanawake wengi wa upande wetu wakivuka kuja kujifungua kwao. Hapo ndipo Tewa alipotoa ule mzaha wake wa sokoni. "Ndiyo, nyinyi mlichoma nyumba zenu, wazungu wakaja kuwajengea. Sisi hatukuchoma. Atatujengea nani?"

Mama yake Sia hakucheka. Mimi nilicheka. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilicheka kwa sauti, maana mshenga kazi yake ni kucheka kila mzaha wa upande wake.

Ndipo akatoka mwanamke jikoni na sinia la wali na kisamvu, akaliweka mbele yetu. Tewa alikuwa ameshanyoosha mkono kunawa. Mkono ukabaki hewani, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa Finda.

Finda alikuja kwetu mwaka tisini na moja, vita vilipoanza kwao, na mtoto wa kike mgongoni. Alimpelekea Tewa kola, Tewa akaipasua, akala. Ukishakula kola ya mgeni wewe ni mama yake. Akikosa unalipa wewe, akishtakiwa unasimama wewe. Alikaa miaka tisa. Fara alizaliwa mikononi mwake, na mama akiwa sokoni ni Finda aliyembeba. Halafu Septemba ya mwaka elfu mbili redio ikasema waasi wamejificha miongoni mwa wakimbizi. Askari wakapita nyumba kwa nyumba, wakifuatana na vijana wa mtaani wenye fimbo, wakiuliza kila mgeni mwenyeji wake ni nani. Finda alikuwa mlangoni, mikono imejaa kisamvu alichokuwa akitwanga kwa ajili yetu sote. Wakamwuliza Tewa, huyu ni wa kwako? Tewa akasema, "Simjui. Amepanga chumba tu." Wakamchukua, na bintiye, aliyekuwa kisimani, wakamkamata njiani. Nami nilikuwa hatua ishirini kutoka pale, kwenye cherehani, nikainama kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Fara alikuwa na miaka minane. Tulimwambia Mama Finda amekwenda kwao.

"Mama Finda!" Fara akaruka kutoka kitini. Finda alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua boga, akacheka na machozi yanamtoka. Kumbe yeye ni mdogo wa mama yake Sia, anakaa kijiji cha pili, na alikuwa amefika asubuhi hiyo kusaidia kupika. Kisha akamsalimia Tewa kwa heshima zote, akanisalimia na mimi. Nilijibu, sijui nilijibu nini.

Mwalimu Sahr alifurahi kupita kiasi. "Basi Mungu ametupa shahidi. Shemeji Finda, wewe umeishi kwa hawa watu. Hebu tuambie, mtoto wetu anakwenda nyumba gani?"

Nilitazama mbuzi aliyefungwa pale uani. Tewa alitazama sinia. Finda alijifuta mikono kwenye kitenge taratibu, akasema, "Nililala humo miaka tisa. Wali ukiiva, sahani yangu ilikuwepo. Nilipougua homa ya manjano, mama huyu alinibeba mgongoni mpaka hospitali, na wakati huo ana mimba ya huyu kijana. Ni nyumba yenye chakula." Akasogeza sinia mbele ya Tewa.

Yote yalikuwa kweli. Watu wakapiga makofi, na Tamba akaanza kuwagawia vijana vikombe vya mvinyo wa mchikichi. Sia alichungulia dirishani akitabasamu. Mkwe alikuwa ameshapatikana.

Lakini mwalimu Sahr, katika kushukuru, akaongeza neno. "Niseme ukweli, mimi niliogopa. Sisi na ndugu zetu wa Foya tulifanyiana maovu, lakini baadaye tulikaa chini. Hapa kijijini waliochoma nyumba walisimama mbele ya moto wakasema walichofanya, nasi tukasikia. Leo tunajuana. Nyinyi hamkupigana, kwa hiyo kwenu hakuna aliyesimama. Na mtu ambaye hajasema kitu utamjuaje? Sasa Finda amenitoa wasiwasi."

Nilimwona Tewa akishika mikono ya kiti. Nikamvuta gauni kwa nyuma. Akanisukuma mkono, akasimama na magoti yake mabovu, akasema yote. Alisema askari waliuliza nini, naye alijibu nini. Alisema Finda aligeuka kumtazama mara moja tu. "Na shemeji yangu huyu aliona," akasema. Nikainama. Ndicho ninachojua kufanya. Akalia, akasema kwa miaka kumi na saba anaringa sokoni ili asisikie sauti yake mwenyewe ikisema simjui.

Nilidhani sasa Finda atalia pia, wakumbatiane, tule. Ndivyo nilivyodhani kwa ujinga wangu.

"Nani amekuruhusu?" Finda akauliza.

Tewa hakuelewa.

"Nakuuliza, Mama Fara, nani amekuruhusu kusema? Hapa kwetu, kabla hujasimama mbele za watu, unamwendea kwanza uliyemkosea. Nyuma ya nyumba. Mnakaa wawili. Unamwuliza kama yuko tayari watu wajue. Hawa hawajui nilifanywa nini kule uwanjani walikotukusanya. Sasa wataniuliza. Binti yangu nilimwambia tulipotezana na wewe kwenye umati, na mpaka leo anakuombea. Leo nilinyamaza kwa ajili ya hawa watoto wawili, Fara na Sia. Kunyamaza huko kilikuwa kitu changu mimi, nikawapa wao. Wewe umesimama ukakipokonya, ili upate usingizi."

Tewa alikaa. Hatukujua. Kwetu hajawahi kusimama mtu, tungejuaje kwamba hata kusimama kuna adabu yake? Kumbe hata kutubu tulikuja kuwaibia wenzetu.

Wazee wa upande wa Sia waliingia ndani. Fara alimsogelea mama yake. "Uliniambia alikwenda kwao. Nilimkasirikia yeye, Mama. Miaka yote nilidhani alituchoka." Tewa alimshika mkono wa shati. Akajitoa, si kwa nguvu.

Walipotoka, mwalimu Sahr hakuwa na hasira, na hilo lilituumiza zaidi. "Kola hatuirudishi. Kijana hana kosa, na binti anamtaka. Lakini mtoto wetu havuki mto. Wakitaka kuoana, kijana abaki Koindu. Pikipiki hata huku zinaharibika."

Mume kuhamia ukweni, kwetu, ni kama kumzika mwanao huku unamwona. Nilifungua mdomo nibishe, nikakumbuka mimi ni nani, nikaufunga.

"Ila hawezi kulala nyumbani kwa wakwe," Tamba alisema. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Huyu ni mgeni. Lazima awe na mwenyeji wa kumsemea. Nani atamchukua?"

Watu walitazamana. Siku hiyo hakuna aliyetaka kumsimamia mtu wa Guinea.

"Mimi," alisema Finda. Fara akaenda kusimama kando yake. Hakuitwa.

Jua lilikuwa bado juu tulipoaga. Tewa alitangulia hatua chache, kisha akarudi. Alijikokota mpaka mbele ya Finda, akapiga magoti yale yasiyopigika, nami nikamshika asianguke.

"Finda," alisema, "sina mwingine. Watu wakija siku moja wakamwuliza ni wa nani, utamsemea?"

Finda alimtazama.

"Mama Fara," akasema, "unaniuliza mimi?"