Moyo wa Mkindu

Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi ikinifika, namkumbuka Mama Lukas, na midomo yangu huanza kuomba msamaha kabla sijaiagiza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Kigamboni, enzi za Ujamaa. Nyuma ya shamba la kijiji palikuwa na bonde la mikindu lisilo na mwenyewe. Kila mwanamke alikata humo ukindu wa mikeka yake, kwa sharti moja. Bibi yangu alinifundisha kabla hajaniruhusu kushika kisu: "Chukua makuti machanga ya pembeni, la katikati liache. Huo ndio moyo wake. Ukiukata, mkindu unakufa umesimama."

Bibi aliahidi kunisukia msala wa kuswalia Ramadhani, mradi ukindu nilete mwenyewe. Nami nilitaka msala mweupe kuliko wa binti yeyote wa chuo chetu cha Kurani. Ukindu mweupe kuliko wote ni wa moyo. Mchana mmoja nikaing'oa mioyo ya mikindu saba. Ilitoka kwa mlio mdogo, kama jino la mtoto.

Msala ulipokwisha, jirani yetu Bi Tatu aliupapasa, akasema, "Mashaallah, mweupe kama pamba!"

Kisha mikindu ikakauka. Wanawake walikusanyika bondeni, na macho yakamwendea Mama Lukas, mgeni kutoka kusini, mke wa mchonga vinyago, aliyeishi kwa kuuza mikeka.

"Jamani, hata kwetu mkindu una moyo," alisema.

"Nyie mmemaliza mipingo kwa vinyago, mkindu utawashinda?" akadakia Bi Tatu. Watu wakacheka.

Mjumbe wa nyumba kumi akampiga marufuku kukanyaga bondeni. Mimi nilisimama nyuma ya bibi, nimeshika khanga yake.

Mama Lukas alijaribu kununua ukindu Temeke, lakini haukumlipa. Mwishowe wakahamia Kiwalani. Siku ya kuaga alinishika kichwa: "Uswali vizuri, mwanangu."

Mwalimu wa chuoni alitufundisha kwamba Mungu husamehe haki yake, ila haki ya mja humngoja mwenyewe aisamehe. Nilichelewa. Nilipokwenda Kiwalani, mtu mzima mwenye watoto, nilionyeshwa kaburi.

Mungu amenijalia umri, namshukuru. Juzi mjukuu wangu aliniletea ukindu wake wa kwanza. Vidole vyangu viliutambua moyo kabla ya macho: ule ulaini, ule weupe. Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi alisuka maisha yake yote. Ukindu wangu ulipita mikononi mwake, uzi kwa uzi. Alijua. Bi Tatu alijua. Ilikuwa rahisi zaidi mgeni abebe lawama.

Mtoto alisimama akingoja sifa, anatabasamu.

"Vaa ndala, mjukuu wangu," nikamwambia. "Nipeleke ulipoukata, kisha twende wote kwa majirani tukaseme."