Usingizi Alionipa Ngalula

Sikulazimishi uamini. Lakini yalinipata mimi, hapa Likasi, miaka ile baba alipokwenda kiwandani na kurudi bila mshahara.

Nilikuwa na miaka kumi na tano na usiku nilikuwa silali. Ungelalaje? Tulibanana chumba kimoja na wadogo zangu, wakilia njaa, na jirani upande wa pili wa ukuta walikesha wakikemea mapepo. Nilikuwa nasinzia shuleni, nikichapwa. Aliyenihurumia ni Ngalula, tuliyekaa naye dawati moja. Wakati wa mapumziko alinipa paja lake niegemeze kichwa, akachunga mwalimu asije.

Kisha watu wa kabila lake wakaambiwa hapa si kwenu, warudi Kasai walikotoka babu zao. Walitolewa majumbani, Ngalula na wazazi wake wakiwemo, wakatupwa stesheni kungoja treni isiyokuja. Waliugua palepale chini.

Siku moja wenzangu walitoka darasani, mimi nikabaki nimelalia dawati, macho makavu. Ngalula akaketi kando yangu. Gauni lake lilijaa vumbi.

“Haujalala bado?”

“Bado. Na weye?”

“Ku gare, pale stesheni, batoto banalia usiku yote. Lakini leo miye nimelala muzuri. Leta kichwa.”

Paja lilikuwa baridi kama sakafu ya sementi. Nilitaka kumuuliza kwa nini, usingizi ukanichukua. Niamini, sijawahi kulala vile.

Aliyeniamsha jioni ni mlinzi wa shule, akishangaa kunikuta humo. Nikamuuliza Ngalula amepita wapi.

“Ngalula gani? Mulango ilikuwa na kufuli tangu saa sita. Weye sikukuona.”

Madirisha yote yalikuwa na nondo.

Nyumbani nilimkuta mama ametoka stesheni kuwapelekea uji waliofukuzwa. Hakuwa amevua hata kitambaa kichwani.

“Rafiki yako alikufa hii asubui, mutoto wangu. Tulimufunika na kitenge yangu.”

Sikulia. Nilikuwa nimepumzika mno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa nina watoto wangu na kitanda kizuri. Usingizi mzito haujarudi. Na shavu nililolaza pajani pa Ngalula limekufa ganzi. Mganga wa hospitali hakuona kitu.

Basi wewe mwenye kijana anayesinzia mchana, usimwite mvivu. Na usimwache alale peke yake katika chumba kitupu.